Bao la tano limeenda wapi?

Kijana wa kidato cha kwanza alinifuata mezani wakati wa mapumziko, daftari mkononi, kidole kimeganda kwenye mstari mmoja. "Mwalimu, huyu kanitia deni." Tulikuwa tunacheza fantasi darasani, mchezo wa kupanga timu ya wachezaji halisi na kuvuna pointi kwa wanachofanya uwanjani. Mchezaji wake aliingia kipindi cha pili, akapata pointi 1 ya kukanyaga uwanja, na kabla mpira haujaisha akalambwa kadi nyekundu. Kadi nyekundu inakata pointi 3. Mbele ya jina la mchezaji huyo alikuwa ameandika −2 kwa kalamu nyekundu, akaipigia mstari kwa hasira.

Wiki tatu nyuma nilimpa kijana huyuhuyu swali la 3 − 7. Alinijibu kwamba haiwezekani, saba haiwezi kutoka kwenye tatu.

Jumla ya timu yake wiki hiyo ilikuwa 47. Nikamuuliza, kama nafasi ya huyu aliyekutia deni ungeiacha wazi, ungekuwa na ngapi? Akawahesabu upya wale kumi, mmoja mmoja, midomo ikicheza. "49." Nikamwambia sasa andika ulichofanya. Kwenye 47 umemtoa nani? Akaandika 47, akaweka alama ya kutoa, kisha akasita. "Nimemtoa wa −2." Basi mwandike kama alivyo. Akaandika 47 − (−2) = 49, akaiangalia kwa muda. "Kumbe ukilitoa deni, unapanda."

Kanuni hiyo nimeifundisha miaka mingi. Wanafunzi huikariri, huiimba, na kwenye mtihani huichanganya. Kabla ya siku ile hakuna mwanafunzi aliyewahi kuniambia *kwa nini* ni hivyo, kwa maneno yake mwenyewe, bila mimi kumtilia maneno mdomoni. Kijana alirudi kukaa, nami nikaandika maneno yake kwenye kitabu changu cha maandalio. Yapo mpaka leo.

Nafundisha Hisabati katika sekondari ya kata, mkoani Tanga. Anayefundisha somo hili nchini anaujua mzigo wake. Kwa miaka kadhaa mfululizo, kwenye mtihani wa taifa wa kidato cha nne, waliofaulu Hisabati walikuwa kama mmoja kati ya kila watano. Mtoto amejifunza kujumlisha na kugawanya kwa Kiswahili shule ya msingi, akifika kidato cha kwanza anakuta kila kitu kwa Kiingereza, na namba alizozizoea anaziona kama wageni. Wengi hunyamaza hapo hapo, na ukimya huo huenda nao mpaka kidato cha nne.

Lakini Jumatatu asubuhi hawanyamazi. Wametoka kibanda umiza kuangalia mpira Jumamosi na Jumapili, wanakuja na hoja. Siku moja nilisimama nje ya dirisha nikawasikiliza wavulana wawili wakibishana kama Coastal Union, timu ya nyumbani, inaweza kuipita timu iliyo juu yake kwenye msimamo. Walikuwa wanapiga tofauti ya magoli kichwani, pamoja na hasi zake, bila kalamu, na walikuwa sahihi. Mmoja wao nilikuwa nimemuwekea sifuri kwenye jaribio la namba hasi siku chache tu nyuma. Iliniuma, kwa sababu ile sifuri haikuwa ya kwake peke yake.

Ndipo nikafikiria fantasi. Fantasi ya Ligi Kuu ya Uingereza nilianza kuicheza chuoni. Ipo tangu msimu wa 2002/03, na sasa inachezwa na watu zaidi ya milioni 10 duniani, wakiwemo walimu, madereva na wauza chipsi wa hapa kwetu. Unapewa pauni milioni 100 za kufikirika, unasajili wachezaji 15: makipa 2, mabeki 5, viungo 5, washambuliaji 3. Wachezaji wa timu moja wasizidi watatu. Kila wiki unapanga kumi na moja, unachagua nahodha ambaye pointi zake zinazidishwa mara mbili, halafu unasubiri wachezaji wenyewe wafanye kazi uwanjani. Mshambuliaji akifunga anakupa pointi 4, kiungo 5, beki 6. Pasi ya goli ni 3. Beki ambaye timu yake haikufungwa anapata 4. Kadi ya njano inakata 1, goli la kujifunga linakata 2, na kila usajili unaozidi ulioruhusiwa wiki hiyo unakata 4.

Tulianza Agosti 2022. Simu haziruhusiwi shuleni, kwa hiyo tulicheza kwa karatasi. Nilinakili bei za wachezaji 60 kwenye karatasi mbili za manila, nikazibandika ukutani, na kila Jumapili usiku nilikaa na simu yangu nikaandika pointi. Jumatatu nikikuta kundi limesimama kwenye ile karatasi kabla ya kengele, najua kipindi changu kimeshaanza.

Kazi ya kwanza niliyoipenda ni ya bajeti. Milioni 100 kwa watu 15 ni wastani wa 6.67. Kila aliyemchukua mshambuliaji wa milioni 11 alijua bila kuambiwa kwamba kuna mahali atabana, na alibana kwa desimali: 4.5 hapa, 5.0 pale, inabaki 0.3 isiyonunua mtu. Kuna kanuni nyingine ndogo ambayo watu wazima wengi hucheza miaka bila kuielewa. Umemnunua mchezaji kwa 7.5, bei ikapanda mpaka 7.8. Ukimuuza hupati 7.8. Unapewa nusu ya faida, na nusu ya 0.3 ni 0.15, lakini mchezo haujui 0.15, kwa hiyo inashushwa mpaka 0.1. Unauza kwa 7.6. Wanafunzi walinung'unika kwamba wameibiwa 0.05. Nilifurahi sana siku hiyo. Mtu anayelalamikia nusu ya sehemu ya kumi amezijua desimali.

Jambo jingine sikulitarajia, nalo ni lugha. Mabeki uwanjani *wasipungue* watatu. Wachezaji wa timu moja *wasizidi* watatu. Kwa Kiswahili hakuna anayekosea hapo. Lakini mtihani uko kwa Kiingereza, na sentensi hizo zikija kwa Kiingereza, mtoto hajui mdomo wa alama uelekee upande gani. Nikachukua tabia ya kuandika ubaoni kwanza "wasipungue 3", chini yake m ≥ 3, na chini kabisa sentensi ya Kiingereza kama itakavyokuja kwenye mtihani. Ngazi tatu, kila mara, mpaka mikono yangu ikachoka. Kama kuna kitu kimoja ningependa mwalimu mwenzangu akichukue hapa hata kama mpira haupendi, ni hicho.

Februari 2023 mkuu wa shule aliniita ofisini. Nilimkuta mzee mmoja amekaa, kofia mapajani. Nikamwamkia, "Shikamoo mzee." "Marahaba, mwalimu." Akakaa kimya kidogo. "Mwalimu, nasikia unawafundisha watoto wetu kubeti."

Nilianza kujieleza haraka, kwamba hakuna pesa inayotoka, hakuna kiingilio, mshindi anapewa daftari tu. Mzee alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akanieleza habari ya mwanawe mkubwa. Kijana alikabidhiwa pesa ya mbolea, akaitia kwenye mkeka, yaani orodha ya mechi za kubeti ambayo ukikosa moja tu umepoteza zote. Mkeka ukachanika. Akakopa airudishe, akaweka mkeka mwingine. Sasa yuko Dar es Salaam, hapokei simu ya baba yake. "Na yeye alianza hivihivi, mwalimu. Kwa kujua wachezaji."

Sikuwa na jibu. Niliuondoa mchezo ukutani siku hiyohiyo, na ile zawadi ya daftari nikaifuta moja kwa moja. Wiki mbili nilifundisha kutoka kitabuni, darasa likarudi kwenye ukimya wake. Kilichonisumbua ni kwamba mzee alikuwa amesema kweli. Anayejua fomu ya mshambuliaji na ratiba ya mechi ndiye anayejiona mjuzi wa mikeka. Nilikuwa nawapa nusu ya maarifa, ile nusu inayowavuta, na nusu inayowakinga nimeiacha kabatini kwa sababu uwezekano ni mada ya kidato cha nne.

Nikauliza klabu ya Hisabati, bila kutaka majina, wangapi wamewahi kuweka mkeka. Kisheria hairuhusiwi kabla ya miaka 18. Niliwaambia wafumbe macho, wanyanyue mikono. Mikono niliyoiona ilitosha. Wengi huweka kwa simu za kaka zao.

Ijumaa iliyofuata nilikuja na mifuko mitano ya kitambaa. Ndani ya kila mfuko nimeweka vizibo kumi vya soda, saba vyekundu na vitatu vya buluu. Klabu ilikuwa na watu 50, nikawagawa makundi matano ya watu kumi, wote wakasimama. Nikawaambia hivi: tuseme wewe ni mjuzi kwelikweli, kila mechi unayobashiri una nafasi saba kati ya kumi ya kupatia. Sijawahi kumwona mtu wa namna hiyo, lakini tuseme ndiye wewe. Mkeka wako una mechi kumi. Chota kizibo. Chekundu umepatia, baki umesimama. Cha buluu mkeka umechanika, kaa chini. Rudisha kizibo, tikisa mfuko, mpe mwenzio.

Mechi ya kwanza walibaki 36. Kelele na vicheko. Ya pili 24. Ya tatu 18, ya nne 13. Hapo kelele zilianza kubadilika. Mechi ya tano walikuwa wamesimama 8 tu, na tulikuwa nusu ya mkeka. Ya sita 6, ya saba 3, ya nane 2. Mechi ya tisa mvulana mmoja akachota buluu, akakaa, akabaki binti mmoja wa kidato cha tatu amesimama peke yake katikati ya watu 49 walioketi. Akatia mkono kwenye mfuko kwa mara ya kumi, akatoa chekundu. Chumba kizima kililipuka, wakambeba.

Nikasubiri watulie. Nikawauliza, mtaani mnasikia habari za nani? Wakamwonyesha yule binti. Na hawa 49, picha zao zinabandikwa wapi? Hakuna aliyejibu. Tukaenda ubaoni. 0.7 × 0.7 ni 0.49. Tukaendelea kuzidisha mpaka mara kumi, ikatoka 0.028. Watu watatu hivi katika kila mia moja, na hao ni wajuzi wa kufikirika ambao mtaani hawapo. Kijana mmoja aliyekuwa nyuma alisema kwa sauti ya chini, kama anajiambia mwenyewe, "Kumbe kila mechi ninayoongeza, najichania." Huwa wanaongeza mechi ili odi, yaani namba inayozidishwa na pesa uliyoweka ukipatia, ikue.

Tulifanya na hesabu ya pili, fupi. Mechi ya watu wawili, nguvu sawa, kampuni inakupa odi ya 1.85 kila upande. Weka shilingi 1,000 huku na 1,000 kule. Umetoa 2,000, na yeyote atakayeshinda unarudishiwa 1,850. Ile 150 imeshakwenda kabla mpira haujaanza. Waliirudia wenyewe kwa madaftari kama hawaamini.

Yule mzee nilimtafuta, nikamwomba aje Ijumaa nyingine aone. Alikuja, akasimama mlangoni hadi mwisho, hakusema neno. Wakati wa kuondoka akaniuliza kama anaweza kuazima mfuko mmoja na vizibo vyake. Mwanawe alikuwa amerudi kwa ajili ya msiba. Nilimpa, na sikuuliza umefanya kazi gani huko.

Tangu hapo, mchezo hauanzi msimu kabla ya vizibo. Ndiyo sharti langu, na sitalibadilisha.

Msimu ulipoisha niliandika ubaoni majina matatu. Mahrez, msimu Leicester ilipochukua ubingwa wa Uingereza, 2015/16: alianza kwa milioni 5.5, akamaliza na pointi 240. Salah, 2017/18: milioni 9.0, pointi 303. Haaland, 2022/23: milioni 11.5, pointi 272. Nani alikuwa na faida zaidi kwa aliyemnunua? Wakagawanya. Mahrez 43.6 kwa kila milioni, Salah 33.7, Haaland 23.7. Nilidhani somo limeisha: uwiano umewashinda majina makubwa, tufunge madaftari.

Binti mmoja wa kidato cha pili, ambaye mpira hakuwa anaufuata kabisa, akanyoosha mkono. "Lakini Mwalimu, nafasi ni 15." Nikamwambia afafanue. Akasema, chukua mchezaji wa milioni 4 mwenye pointi 100. Huyo ni 25 kwa kila milioni, anampita Haaland. Basi nijaze 15 kama yeye. Nimetumia 60, nimebakiwa na milioni 40 mkononi. "Hizo 40 zinafunga magoli?"

Nilikaa kwenye kiti cha mwanafunzi ili nimwangalie vizuri. Alichokuwa ameshika ni kwamba hana mpaka mmoja, ana miwili, wa pesa na wa nafasi, na ukiujali mmoja tu unapotea. Mada hiyo tunaifundisha mwisho kabisa wa kidato cha nne, kwa mfano wa seremala anayetengeneza meza na viti, na wengi hawafiki hapo wakiwa bado na hamu ya kuelewa. Yeye aliifikia miaka miwili kabla, bila kuchora grafu. Wavulana waliokuwa wanajaza timu za klabu wanazozipenda (kipenda roho, hula nyama mbichi) aliwaacha mbali msimu uliofuata, kwa sababu hakuwa na timu ya kumpofusha.

Msimu wa 2023/24 walitaka ligi ya kwetu. Fantasi ya karatasi kwa Ligi Kuu Bara, timu 16, matokeo kutoka redioni na kwenye Mwanaspoti. Shida ilikuwa bei, kwani hakukuwa na mtu wa kutupangia. Tukakubaliana kila kundi liandike bei ya kila mchezaji kwa siri, tuchukue wastani.

Anayejua utani wa Simba na Yanga anajua kilichotokea. Kwa kiungo mmoja wa Simba makundi yaliandika 9, 10, 10, 11, na kundi lililojaa Yanga likaandika 1. Wastani ukawa 8.2. Simba wakapandisha sauti kwamba mtu wao amedhalilishwa, na wao wakajipanga kulipiza kwenye jina la mshambuliaji wa Yanga. Nilitaka kuingilia, nikajizuia. Nikauliza swali moja tu: kuna njia ya kupata namba ya katikati ambayo mtu mmoja mwenye chuki hawezi kuivuruga? Walihangaika karibu kipindi kizima. Mwishowe mmoja akasema tuzipange kwa mstari kuanzia ndogo, tumchukue anayesimama katikati. 1, 9, 10, 10, 11. Ni 10. Hata yule aandike sifuri, hata aandike hasi elfu moja, ni 10. Utani ukakosa nguvu, na bei zikapatikana siku mbili baadaye. Tofauti ya wastani na namba ya katikati ipo kwenye muhtasari kwa mistari miwili. Darasa langu liliipata kwa kutukanana kidogo, na hawajaisahau.

Kisha ikaja Novemba 5, 2023. Yanga 5, Simba 1. Jumatatu ile sitaisahau, nusu ya shule iliimba na nusu iliinamisha vichwa. Kwenye mchezo wetu tulikuwa tumechukua ile kanuni ya Uingereza: kipa na beki hukatwa pointi 1 kwa kila magoli mawili wanayofungwa. Tukafanya hesabu ya beki wa Simba aliyecheza mechi yote bila kadi. Pointi 2 za dakika, kutoa 2 za magoli manne, jumla sifuri.

"Bao la tano limeenda wapi?" Aliyeuliza alikuwa mvulana wa Yanga, hakutaka hata moja lipotee.

Mwenzake wa Simba akamjibu kwa uchungu, "Limebaki."

Wakacheka, lakini mimi nilisimama na chaki mkononi. Tano gawanya kwa mbili, mbili, *baki* moja. Neno lilikuwepo siku zote. Nikalipigia duara, nikauliza: je, lile baki lihesabiwe nusu pointi, lifutwe, au litunzwe mpaka mechi ijayo? Yule wa Yanga akataka nusu. Mwingine akasema litunzwe, kama chenji dukani. Binti wa nafasi 15 akasema kama linatunzwa, basi beki anayefungwa goli moja kila wiki atakatwa, wakati kwa kanuni ya sasa hakatwi kamwe, kwa hiyo kanuni ya sasa inawapenda wanaofungwa kidogokidogo.

Hapo ndipo nilipoelewa kitu ambacho kilikuwa kimenipita msimu mzima na zaidi. Mimi nilikuwa nautumia mpira kama chambo: wapende mpira, wameze hesabu. Lakini hesabu ilikuwa ndani ya kanuni zenyewe. Mtu fulani alikaa mahali akaamua beki apate 6 na mshambuliaji apate 4, akaamua mbili mbili badala ya moja moja. Maamuzi hayo ni hesabu, na watoto wangu walikuwa wamepewa yakiwa tayari.

Kwa hiyo mwaka 2024 niliwaambia watunge wenyewe, kuanzia sifuri. Wasichana wakachagua netiboli. Timu ya shule ilikuwa inajiandaa na UMISSETA, mashindano ya michezo ya shule za sekondari, mechi za mazoezi zipo kila wiki, na takwimu hakuna gazeti linaloziandika. Waliketi pembeni ya uwanja na karatasi za vijiti, kila mmoja amepewa kitu kimoja cha kuhesabu.

Tatizo lilijitokeza mechi ya kwanza. Netiboli ina wachezaji saba, na wanaoruhusiwa kufunga ni wawili tu. Ukitoa pointi kwa magoli peke yake, watano wanatoka jasho bure. Mchezaji wa katikati, anayekimbia kuliko wote, alisema wazi kwamba mchezo wa namna hiyo hautaki. Basi mpira ulionaswa kutoka kwa adui upewe ngapi? Wa kwanza wakasema 1, kwa huruma. Nikawaambia huruma haina kipimo, nileteeni namba.

Walihesabu mechi nne. Mipira waliyoinasa ilikuwa 32, na 20 kati ya hiyo iliishia kuwa goli lao. 20 kwa 32 ni 5/8. Halafu mlinzi mmoja akasema hiyo ni nusu ya habari, kwa sababu ukinasa mpira umemnyima na mwenzio. Wakarudi kuhesabu mashambulizi ya wapinzani: 60, magoli 30. Nusu. Basi kunasa mpira mmoja ni 5/8 ya goli kwetu na 1/2 ya goli lililozuiwa kwao. Walijumlisha sehemu hizo wenyewe, kwa asili moja ya nane, bila kuniuliza: 9/8. Kunasa kunazidi kufunga. Walioumia ni wafungaji, na wakadai hesabu irudiwe. Ikarudiwa. Ikatoka ileile.

Goli walilipa pointi 2. Kwa hiyo kunasa mpira ni 9/8 mara 2, yaani 2¼, na wao walitaka pointi nzima, zisizo na sehemu. Wafungaji wakasema 2. Walinzi wakasema haki yao imepunguzwa robo kila mara, na kwa mipira 32 robo hizo ni pointi 8, nani amezichukua? Wengine wakapendekeza goli liwe 8 na kunasa kuwe 9, robo isiwepo tena. Wakapingwa kwamba namba zitakuwa kubwa mno kujumlisha uwanjani kwa vijiti. Kengele ya kwenda nyumbani ikalia, hawajaafikiana.

Asubuhi niliingia darasani kabla ya kipindi cha kwanza. Ubao ulikuwa umejaa hesabu zao, 2¼ imezungushiwa duara mara tatu, na juu yake kwa herufi kubwa wameandika USIFUTE. Mwalimu wa Fizikia alikuwa ameshapita. Aliandika somo lake lote kwenye kona ya chini, kwa herufi ndogondogo, akaacha yao ilivyo.